Kutoka Mutomo hadi baharini: Usukani huchaguliwa kwa maji

UKISIMAMA katika soko la Mutomo, kusini mwa Kitui, msomaji wangu, utaona vilima vya mawe, vumbi jekundu, mibuyu na punda waliobebeshwa mitungi ya maji. Chombo cha baharini hutakiona hata kimoja. Usukani unaojulikana hapa ni ule wa basi la kwenda Kitui au Kibwezi. Mito ya huku, kama Tiva na Thua, ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, na anayetaka maji hana budi kuyachimba.

Hata hivyo, usidhani kwamba Mutomo haina udugu na bahari. Shika barabara ya lami ipitayo Ikutha kwenda Kibwezi, nawe utavuka mto Athi, unaotenganisha Kitui na Makueni. Mto huo huingia mbuga ya Tsavo Mashariki, ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia Malindi huitwa Sabaki, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi. Mvua ikinyesha sana Ukambani, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Waonyeshe wanao udongo huo mkifika huko likizoni. Shamba la babu yao limewatangulia pwani!

Mkiwa Malindi au Watamu, tazameni vyombo kabla ya kuingia majini. Mtumbwi mdogo hauna usukani. Mvuvi huuongoza kwa kafi lake. Ngalawa yenye tanga ina usukani wa mbao tezini, na nahodha huugeuza kwa kushika kana. Akifika maji haba huuinua, usije ukagonga mwamba.

Kando ya vyombo hivyo vya asili, huenda ukaona kayaki ya mawimbi. Ni chombo chembamba mno, upana wake ni kama nusu mita, na urefu wake ni kama mita 6. Mwendeshaji hukaa juu, wazi, akipiga kafi lenye bapa pande mbili. Kwa kuwa mikono yake ina kazi, usukani huugeuza kwa miguu: hukanyaga kulia au kushoto, na waya huvuta usukani ulio nyuma. Chombo hiki hupendwa sana Australia na Afrika Kusini.

MAJI MATATU, SUKANI TATU

Kijana akitaka kujifunza, au mzazi akitaka kununua chombo kilichotumika, swali la kwanza lisiwe bei wala rangi. Uliza: chombo hiki kitatembea maji gani?

Kwanza, kuna maji tuli ya hori, kama Mida na Kilifi. Hapo usukani mfupi, kama nusu shibiri, unatosha. Usukani mkubwa hukokota maji na kumchosha mpigaji kafi bure.

Pili, kuna bahari ya nje ya mwamba, hasa wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo unapovuma na mawimbi kuwa makubwa. Wimbi likija kwa nyuma huinua tezi. Usukani uliofungwa mwisho kabisa wa chombo huachwa ukining'inia hewani, na usukani usiogusa maji hauongozi kitu. Chombo hugeuka ubavu, wimbi la pili likakipindua. Kwa maji hayo hutakiwa usukani mrefu, karibu shibiri nzima, uliochomekwa chini ya chombo, mbele kidogo ya ncha ya tezi, ili ubaki majini hata tezi inapoinuka.

Tatu, kuna maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba, ambayo wageni wengi huyadharau. Maji yakitoka hapo huwa haba, matumbawe yakakaribia juu na nyasi za bahari zikatanda. Usukani mrefu wa chini ya chombo utagonga na kuvunjika, au utakusanya nyasi hadi chombo kiwe kizito kama jiwe. Hapo chagua usukani ulioinama kuelekea nyuma, nyasi ziteleze na kuondoka, au ule wa tezini unaoinuka wenyewe ukigonga kitu, kwa hekima ile ile ya ngalawa.

Usinunue usukani kabla ya kupima mhimili wake, kwani tundu la chombo kimoja si lazima lilingane na la kingine. Kagua waya pia. Chumvi huula polepole, nao hukatika siku ya upepo. Kila mkitoka baharini, osheni vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

NENO KWA WAZAZI

Sisi watu wa nchi kavu maji tunayaogopa yanapokosekana, tukasahau kuyaogopa yanapokuja. Desemba 2021, katika mto Enziu, huko huko Kitui, basi lililojaribu kuvuka mafuriko lilizama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Usukani wake ulikuwepo, lakini haungeweza kushindana na mkondo ule. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani.

Kwa hiyo, mwanao asiguse kayaki kabla ya kujua kuogelea. Avae jaketi la kuelea, ajifunge kamba inayomshikanisha na chombo, na aanzie horini. Waulizeni wavuvi wa hapo saa za maji kujaa na kutoka, kwa maana wao huzijua kama mkulima wa Mutomo anavyoyajua mawingu ya Novemba. Wakisema leo hapaendeki, kaeni ufuoni mle madafu. Bahari itakuwepo kesho.