Stika za Oman

Mama anafanya kazi ya nyumbani Muscat, huu mwaka wa nne. Kila apatapo mtu anayerudi Mombasa hutuma bahasha, na ndani hamkosi stika. Sasa ninazo 23. Nimezibandika katika daftari ambalo mdogo wangu haruhusiwi kuligusa kabla ya kunawa mikono.

Wenzangu hudhani Oman ni mchanga mtupu. Mchanga upo, tena mwingi: stika ya Sharqiya ina matuta ya rangi ya asali yanayofuatana kama mawimbi. Lakini fungua ukurasa wa pili uone Jebel Shams, mlima wa mita 3,000 hivi, na korongo lake la kutisha. Uone kasa wa Ras al Jinz wakipanda ufuoni usiku kutaga mayai. Niipendayo zaidi ni ya Salalah. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi, upepo uleule tunaoujua sisi watu wa pwani, huleta ukungu na manyunyu, milima ikawa kijani kibichi. Minazi ipo, na migomba. Nyanya alipoiona alisema hapo ni Kwale.

Juzi nilimwuliza mama kwa simu kama Salalah inapendeza kweli. Alicheka. Ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi, alisema, na siku yake ya mapumziko ni Ijumaa tu, nayo huiishia kufua. Stika huzichagua dukani mwenyewe, moja moja, akazitazama kwanza kabla ya kuzitia katika bahasha.

Mkataba wake unakwisha Desemba. Mdogo wangu anataka stika ya 24 aje nayo mkononi.