Harusi ya Dar yagoma Mabwerebwere

Ninyi wa mjini mnaodhani Mabwerebwere ni jina la ngoma, leo mjue: ni Kilosa hiyo, mkoani Morogoro. Na safari yenyewe siku hizi ni mteremko. Tangu Julai 25, 2024 treni ya umeme inakwenda mpaka Dodoma, na Kilosa ina kituo chake. Ukishuka hapo, dai bei ya boda kabla hujapanda, funga begi vizuri, mengine mwachie Mungu.

Kijijini mgeni wa kutoka Dar haulizwi sukari peke yake, anaulizwa na picha. Mimi nilibeba video ya harusi ya dada, maana bibi yetu miguu ilimkatalia kusafiri. Kwenye simu haoni kitu, kioo kidogo. Lakini kwa mjomba kuna kompyuta ya mezani yenye Windows XP, ile iliyotoka mwaka 2001, na kioo chake ni kama televisheni.

Bibi akawekewa kiti cha mbele, majirani wakajaa mpaka mlangoni. Flashi ikachomekwa, VLC ikafunguliwa. Tarumbeta zikalia, picha ikaganda!

"Mjukuu wangu," bibi akauliza, "mbona bwana harusi hatembei?"

Msomaji, kompyuta ile haikuwa mbovu. Simu nyingi za sasa zinabana video kwa mtindo wa HEVC, uliopitishwa mwaka 2013. Kuufungua kunataka nguvu ambazo mashine ya zamani haina. Tena video ya 4K kwenye iPhone inakula kama megabaiti 170 kwa dakika moja. Mzigo wa lori umeupakia kwenye baiskeli!

Dawa yake ni kuigeuza video, na kazi hiyo unaifanya kwenye mashine mpya, siyo ile kongwe. Mwalimu wa jirani alikuwa na laptop. Tukavuta kwa bando FFmpeg, programu ya bure iliyoanza mwaka 2000. Tukaandika mstari mmoja tu:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-vcd harusi.mpg

Hapo video inageuka kuwa ya VCD, mtindo wa mwaka 1993 ambao XP inaufungua bila kuongezewa kitu. Dakika moja inabaki kama megabaiti 10. Picha si kali kama ya simu, lakini watu wanatembea.

Jioni ile bibi aliangalia keki ikikatwa mara tatu. Alipomwona marehemu babu kwenye fremu iliyobebwa na dada, alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na yeye mlimpeleka."

Sasa, mshikaji unayejiandaa kwenda kwenu, shika haya. Piga picha simu ikiwa imelala. Ya kusimama ukiigeuza hivi hivi, bibi harusi atatoka mnene kama pipa. Geuza video kabla hujapanda treni, ijaribu kwenye kompyuta kongwe yoyote ya mtaani. Na ile ya asili usiifute, maana ukishaipunguza ukali haurudi tena.

Ukienda kijijini na simu ya milioni mbili, wazee hawatauliza bei yake. Watauliza kama wamemwona mjukuu wao. Tukutane wiki ijayo!