Gololi Sita

Gurudumu la mbele la gari aina ya Mini lina kazi mbili zisizopatana. Linalivuta gari, kwa hiyo ni lazima liunganishwe na injini kwa shafti, ile fimbo nene ya chuma inayozunguka. Na linapinda kulia na kushoto kuufuata usukani, kwa hiyo shafti hiyo haiwezi kunyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Karibu na gurudumu hapana budi pawe na kiungo. Ndicho mafundi wa Afrika Mashariki wanachokiita sivi jointi, nacho kikichakaa hujitangaza chenyewe: usukani ukipindwa hadi mwisho na gari likizungushwa polepole, husikika mlio wa ta-ta-ta kwenye gurudumu.

Mini ilizinduliwa mwezi Agosti 1959. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulikuwa umewafanya Waingereza wapewe petroli kwa mgawo, na kampuni ya British Motor Corporation ilitaka gari dogo lisilokunywa sana. Issigonis aliikingamiza injini badala ya kuielekeza mbele, akaliweka sanduku la gia chini yake, vyote viwili vikioga oili moja. Hivyo gari la urefu wa mita 3 na ushei likaweza kuchukua watu wanne na mizigo yao.

Ubunifu huo wote ulitegemea kiungo kimoja. Kiungo cha zamani chenye umbo la msalaba, kikiwa kimepinda, hakizungushi sawasawa. Hukaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko, na kingewekwa kwenye gurudumu la mbele usukani ungetetemeka mikononi mwa dereva kila penye kona. Jawabu lilikuwapo tangu miaka ya 1920, nalo ni la Alfred Rzeppa, mhandisi aliyefanya kazi Ford, Marekani. Alitumia gololi sita za chuma zinazotembea ndani ya mifereji, zikishikiliwa na kizimba kinachozifanya zikae daima kwenye mstari unaoigawa pembe katikati. Pembe ikibadilika, gololi husogea, na mwendo unaoingia ndio huo huo unaotoka.

Gololi hizo ni ngumu mno, na aghalabu hazifi kwa uzee peke yake. Kinachoziua ni kupasuka kwa mpira wa mikunjo uliozifunika, ambao mafundi huuita buti. Mpira ukipata ufa, grisi hurushwa nje kidogo kidogo, na mahali pake huingia vumbi, maji, na ile chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa baridi. Kwa miezi kadhaa hakuna linalosikika. Mlio ukianza, kazi ya uharibifu imekwisha. Tena, tangu Mei 2018, magari ya huko yaliyopita miaka 40 hayalazimishwi kwenda ukaguzi wa kila mwaka, mradi hayajabadilishwa sana. Mini ya zamani, basi, haina mkaguzi mwingine ila sikio la mwenyewe.

Kusini mwa jiji la Birmingham, si mbali na Longbridge ambako Mini ziliundwa hadi mwaka 2000, yupo mzee mmoja mwenye Mini ya mwaka 1977. Alizaliwa Tanga, akajifunzia ufundi kwenye gereji ya huko, na akahamia Uingereza akiwa kijana. Alizaa watoto watatu, wavulana wawili na binti kitinda mimba. Kila Jumamosi wavulana waliitwa uani kushika taa na kupokeza spana. Binti aliitwa jikoni. Hakuna aliyekusudia ubaya wowote. Lakini kila mmoja alitoka na Kiswahili cha mahali alipoitwa. Wavulana walijua kulegeza, kukaza na kugonga. Binti alijua kuchuja tui, kuchambua mchele na kuepua chungu. Wakubwa walipokuja kusemezana simuliani, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyerithi lugha vizuri zaidi.

Leo mvulana mmoja yuko Muscat na mwingine Toronto. Mzee ana mtoto wa jicho, na mkono wake wa kulia hautulii. Gurudumu la kushoto lilipoanza kulia, binti alishauri gari liuzwe lilivyo.

“Liuze, mwanangu,” mzee alijibu, “lakini si likiwa linalia hivi. Atakayelinunua naye atapinda kona.”

Mafundi wa karibu walitaka bei isiyolingana na thamani ya gari. Basi ikabidi mikono iwe ya binti na maarifa yawe ya baba.

Nati kubwa ya katikati hulegezwa kwanza, gari likiwa bado limekanyaga chini, maana likishainuliwa gurudumu litazunguka pamoja na spana. Binti aliinyoosha pini inayoizuia nati, akaichomoa, akauegemea mpini mrefu kwa uzito wake wote. Kisha ikaja jeki, na baada ya jeki vikaja vigingi vya chuma, kwa sababu jeki ni ya kuinulia tu. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake amejiweka rehani. Mkono wa usukani ukatolewa, na bolijointi za juu na chini zikaachanishwa. “Habu isining'inie kwa mpira wa breki,” mzee alionya. Binti hakuelewa. Alilijua neno kuning'inia kwa nguo kambani, wala hakufikiri kwamba chuma nacho huning'inia. Mzee alirudia kwa Kiingereza, naye akaifunga habu kwa waya. Alipoagizwa koleo, alirudi na ya jikoni.

Kiungo chenyewe hushikwa kwenye shafti na ringi nyembamba ya waya iliyofichika ndani. Haionekani, wala haishikiki. Huachia kwa kugongwa. Binti aligonga mara tatu kwa woga, na hakikutoka. “Unakibembeleza,” mzee akasema. “Mara moja tu, kwa nguvu.” Pigo la nne likakitoa.

Walikifungua juu ya gazeti la zamani, gololi zikaviringika. “Kumbe ni gololi kweli!” binti akasema, kwake neno hilo lilikuwa la mchezo wa watoto katika hadithi za marehemu mama yake. Mzee, ambaye macho hayakumsaidia, alipitisha ukucha ndani ya mifereji hadi ukakwama. Akaushika mkono wa binti na kuupeleka pale pale. Palikuwa na kishimo kidogo mno, na katika mfereji uliofuata kingine. Huo ndio uliokuwa mlio wote.

Kurudisha kuna utaratibu wake. Buti mpya huvishwa shafti kabla ya kiungo. Anayesahau hufungua upya. Grisi hushindiliwa mpaka ijaze mifereji, ringi huminywa, na kiungo hugongwa hadi ringi iingie mahali pake. Halafu huvutwa kwa mikono miwili, ili ijulikane kama kweli imeshika. Nati hukazwa kwa kipimo, na pini huwekwa mpya. Jioni hiyo gari lilizungushwa mtaani, usukani umepindwa hadi mwisho, na halikulia.

Waswahili walio ughaibuni husikitika sana kwamba watoto wao wanapoteza lugha, na dawa inayotajwa mara nyingi ni madarasa ya mwisho wa wiki, vitabu na methali. Yote yana faida. Lakini hakuna darasa litakalomfundisha mtoto tofauti ya kukaza na kukaza mno, kwa sababu tofauti hiyo hukaa kwenye kiwiko cha mkono. Kiswahili cha gereji kilijengwa na watu waliokuwa kazini. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Parafujo imetoka kwa Wareno, spana kwa Waingereza, na nyundo ni ya Kibantu. Hakuna aliyengoja kamusi imruhusu.

Binti yule hakunyimwa Kiswahili. Hakuitwa tu, na pasipokuwa na wito hapana urithi. Hasara hiyo haikuwa yake peke yake. Kaka zake hawajui kwamba mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi, na wakitamani pilau ya mama yao hununua ya watu wengine. Nyumba iliyogawa kazi kwa jinsia iligawa na msamiati, na wagawaji hawakuhesabu kilichogawanywa.

Gari halijatangazwa kuuzwa bado. Gurudumu la kulia halilii, lakini binti alipochutama kulitazama aliona ufa mdogo katika mkunjo wa pili wa buti, na grisi kidogo iliyorukia upande wa ndani wa gurudumu. Mpira mpya umeagizwa. Utabadilishwa kabla ya baridi, gololi zikiwa bado nzima. Wajukuu wawili, wa kike na wa kiume, wameambiwa waje wote. Mmoja atashika taa, mwingine atapokeza spana, na katikati ya kazi watabadilishana.