Mkono wa Umeme Chini ya Bahari

Wako watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaojijengea nyambizi katika nyua za nyumba zao. Majirani huwadhania wazimu, kumbe ni watu wa hesabu. Swali moja huwasumbua aghalabu: usukani ulio nje, majini, utageuzwaje na mtu aliye ndani?

Wengi huchukua mkono wa umeme uliobuniwa kwa nchi kavu, wa aina ile iinuayo vitanda vya wagonjwa. Mota huzungusha skrubu ndefu. Nati hupanda na kushuka juu yake, nayo husukuma au huvuta fimbo ya chuma. Baadhi ya mikono hiyo huandikwa alama IP67, yaani huhimili kina cha mita 1 kwa dakika 30. Huo ni ushahidi wa mvua na dimbwi; bahari haikuulizwa.

Kila mita 10 za kushuka, mgandamizo wa bahari huongezeka kiasi cha kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Katika mita 100, fimbo yenye kipenyo cha milimita 20 husukumwa ndani kwa nguvu ya kilo 31 hivi kabla haijaanza kazi, na maji huitafuta njia penye pete ya mpira iliyo shingoni mwake. Fundi mgeni huongeza pete na gundi. Fundi mzoefu huukaribisha mgandamizo ndani. Hujaza mafuta mepesi ya madini kila palipokuwa na hewa, kisha huunganisha kibofu laini kinachobanwa na bahari. Mgandamizo wa ndani huwa sawa na wa nje, na pete hupumzika. Lakini fimbo hiyo ikitoka sentimita 15 huacha nafasi ya sentimita 47 za ujazo, kama finjani ndogo ya kahawa. Kibofu kisipokuwa na mafuta ya kuijaza, maji yataijaza. Kibofu chenyewe kisiwe cha mpira wa asili, maana huvimba mafutani. Brashi za mota nazo huelea juu ya utando wa mafuta na kuyachafua kwa kaboni, hivyo mota isiyo na brashi ni bora, ingawa ni ghali.

Hekima hii si ngeni. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka karibu mita 11,000 katika Trieste, ambayo boya lake lilijaa petroli na kuachwa wazi kwa bahari upande wa chini. Kuta zake nyembamba hazikupondwa.

Trieste ilikuwa na jambo jingine. Vyuma vyake vya uzito vilishikwa kwa sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, vingedondoka na chombo kingepanda. Mkono wa skrubu hufanya kinyume: umeme ukikatika, aghalabu huganda pale pale ulipo. Usukani ukiganda, abiria atapotea njia tu. Uzito wa kuokolea ukiganda, hatapanda tena. Kwa hiyo wajenzi waangalifu huuacha uzito huo ufunguliwe kwa wenzo, kwa mkono wa mtu aliye ndani.