Mbona Huyu Asikia na Nduguye Hasikii?

Ndugu msomaji, nataka kukueleza jambo ambalo nimeona haya kulisema kwa muda mrefu. Labda nawe unalo la namna hii katika ukoo wako.

Mdogo wangu wa kike ana watoto wanne. Wa kwanza na wa tatu wasikia vizuri. Wa pili na wa nne ni viziwi tangu kuzaliwa. Mama yao asikia, baba yao asikia, na wazee wa pande zote mbili walisikia mpaka uzeeni. Basi, wayajua maneno ya kijijini. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema alipokuwa mja mzito alimcheka kiziwi sokoni. Wakwe zake walisema uziwi umetoka kwetu. Nami, kaka yake, nikamwambia mbele ya watu: "Kama ni jambo la ukoo, mbona hawa wawili wasikia? Lazima kuna jambo ulilofanya." Hakunijibu. Alichukua kikapu chake akaenda zake, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwangu.

Mwaka jana shemeji aliniomba nimsindikize kumpeleka yule mdogo hospitali kupimwa masikio. Daktari hakutuharakisha. Alisema jeni ni maagizo madogo yaliyomo mwilini, na karibu kila agizo tunalo mara mbili, moja la baba na moja la mama. Agizo moja la kusikia likiharibika, mara nyingi lile zima latosha, na mtu hajui kitu maisha yake yote. Mtoto akipokea bovu kwa baba na bovu kwa mama, ndipo huwa kiziwi. Wazazi wa namna hiyo, kila wapatapo mtoto, nafasi ya uziwi ni 1 katika 4. Kumbe hatukuwa na haki ya kumtazama mama peke yake!

Nikamwuliza: "Na aliyepokea yote mawili mabovu, hana budi kuwa kiziwi?" Hapo akatusimulia habari za ukoo mmoja wa Pakistan, watu waliooana jamaa kwa jamaa. Mwaka 2000 wataalamu waliowapima waliona ajabu: watu 7 wa ukoo huo walikuwa na maagizo mabovu mawili, sawasawa na ndugu zao viziwi, na bado walisikia. Kulikuwa na jeni nyingine, mahali pengine kabisa, iliyozuia ubaya wa ile ya kwanza. Majina yake yalijulikana mwaka 2018: iletayo uziwi ni GAB1, na iliyowaokoa ni METTL13. Tena hii ya pili yatosha kuipokea kwa mzazi mmoja tu.

Lakini sikia hili, msomaji. Hiyo iliyowaokoa nayo si ya kawaida, imebadilika kidogo. Nilikumbuka baiskeli yangu: usukani umepinda kushoto, gurudumu la mbele limekaa kulia, nayo huenda sawa. Fundi akinyosha kimoja tu, nitaanguka.

Daktari alituonya tusijidanganye. Wapwa zangu wasikiao huenda hawakupokea yote mawili mabovu, basi. Na si kila uziwi ni wa kurithi. Surua na homa ya uti wa mgongo huharibu masikio ya watoto wengi. Lakini swali langu la siku ile, ambalo nililitumia kama fimbo, lilikuwa na majibu mawili mazuri, wala hakuna hata moja lililomtia hatiani dada yangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake na jogoo. Nilisema yote, mumewe akisikia, na mama mkwe wake pia. Alinitazama, akasema, "Miaka miwili, kaka." Kisha akaingia jikoni kuchochea moto. Yule mdogo aliniletea kigoda, akanionyesha kwa mkono: kaa.