Mlio Uliozibwa Pamba

Nilipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha betri katika zahanati yetu hapa Asembo Bay, nilikuta tundu la mlio wa inveta limezibwa kwa pamba na plasta. Waliolifunga hawakuwa wazembe. Stima ikipotea usiku mama akiwa katika uchungu, mlio ule uliwatia kiwewe wote, na hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake: kwamba betri inaishiwa nguvu. Betri zilikufa moja baada ya nyingine, na kila mara tuliambizana kwamba siku hizi hakuna betri za maana.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee kutoka Bondo. Alitazama taa ya kijani ya chaja, akatikisa kichwa. "Nyathina, hii inasema chaja inafanya kazi. Haijasema betri imeshiba."

Betri ya asidi ya volti 12, alinieleza, huchajiwa kwa hatua. Kwanza chaja humimina mkondo kwa nguvu, na betri hufika kama asilimia 80 upesi. Halafu volti hushikiliwa karibu na 14.4 huku mkondo ukipungua polepole. Hiyo sehemu ndogo iliyobaki hula saa nyingi. Mwisho volti hushushwa hadi kama 13.5, betri ikae tayari bila kuchemka. Stima yetu hurudi kidogo ikatoweka tena, kwa hiyo betri zilikuwa zikiishia hatua ya kwanza, siku baada ya siku, na salfeti ikigandamana kwenye sahani zake. Basi mlio wa usiku haukuwa habari ya usiku ule. Ulikuwa deni la majuma.

Na kuna joto, jambo ambalo huku ufuoni linapuuzwa mno. Volti hizo zimepangwa kwa nyuzi 25. Chini ya bati letu mchana ni zaidi. Kwenye nyuzi 35 zinafaa kupunguzwa kwa volti 0.2 hadi 0.3, la sivyo maji ya betri hukauka. Tulifunga kihisi joto kwenye betri na kutoboa dirisha, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni. Paneli za jua zilizo paani sasa humalizia kazi ambayo stima imeiacha njiani.

Pamba niliitoa. Tukaweka alamu mbili: ya mapema volti zikikaribia 12, ya hatari zikikaribia 11. Ya kwanza ikilia, kompyuta na taa za nje huzimwa; friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, na taa ya chumba cha kujifungulia haziguswi.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kwetu alamu ya mapema ililia kabla ya alfajiri. Sista wa zamu alizima vinavyozimwa, akaendelea na mgonjwa wake. Hakuhitaji kunipigia simu.

Kwa wenzangu wa vituo vya ufuoni, hadi Misori na Luanda Kotieno: kabla ya kuagiza betri nyingine, iacheni ya zamani ipumzike saa kadhaa baada ya kuchajiwa, kisha mpime. Ikisoma karibu 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2, chunguzeni chaja kwanza.