Bei ya Jeshi Dogo

Michezo ni ya namna mbili. Iko michezo ambayo mtu huikuta tayari, akaicheza, akaondoka. Na iko michezo ambayo kabla hajaicheza hana budi kuviunda vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe. Mchezo wa vita vya mezani, ambao kitovu chake ni Uingereza, ni wa namna hii ya pili. Mchezaji hununua vijisanamu vya askari, kila kimoja urefu wake kama wa kidole gumba au chini yake. Huvikata katika fremu zake, huviunga kwa gundi, huvipaka rangi kwa brashi yenye ncha kama ya sindano, kisha huvipanga juu ya meza iliyopambwa kwa vilima, miti na magofu. Hapo hukutana na mwenzake mwenye jeshi jingine, wakapima mwendo kwa inchi, wakatupa dadu, na kufuata sheria zilizoandikwa kitabuni mpaka mmoja wao ashinde. Pambano la saa tatu aghalabu limetanguliwa na kazi ya miezi mitatu, na pengine ya mwaka mzima.

Jambo hili lafaa likumbukwe kwanza, maana ndilo shina la mengine yote. Wachezaji wanaponung'unika kwamba mchezo umekuwa ghali, na wauzaji wanapostaajabu kwamba wateja wa zamani wamewapa kisogo, asiyeujua mchezo hudhani kwamba ugomvi ni wa fedha tu. Fedha imo, tena si kidogo. Lakini aliyetoa fedha alitoa pia macho yake na usiku wake, na hesabu ya vitu hivyo viwili haimo katika stakabadhi yoyote.

Mchezo huu haukuzaliwa dukani. Katika mwaka 1824 ofisa kijana wa Prusia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vibao vidogo na dadu, nao wakauona kuwa ni chuo kizuri cha kuwafunza maofisa. Huo ulikuwa mchezo wa watu wa cheo. Ili uwafikie watu wa kawaida, ilipasa kwanza askari mwenyewe awe wa bei ndogo. Katika 1893 kiwanda cha William Britain cha London kilianza kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani. Madini yakapungua, uzito ukapungua, na bei ikapungua. Askari wa Kijerumani, waliokuwa wameshiba risasi toka kisigino hata utosini, wakazidiwa sokoni. Miaka 20 baadaye, katika 1913, H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, kilichowafundisha watu kupigana sakafuni kwa askari kama hao na mizinga ya kuchezea yenye springi. Wells hakuwa mpenda vita. Alitumaini kwamba mtu akionja vita vidogo atatambua upuuzi wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilikuja vyenyewe, wala havikumngoja mtu asome.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Airfix ilianza kuuza visanduku vya askari wadogo wa plastiki kwa bei iliyo ndani ya uwezo wa mtoto wa shule. Katika 1962 Donald Featherstone, ambaye kazi yake mjini Southampton ilikuwa kutibu viungo vya watu, alitoa kitabu kilichoitwa War Games, na wengi wakajifunza mchezo kwacho. Tazama basi mfuatano huu: kila mara mchezo ulipopanuka, askari rahisi alikuwa amekwisha kuutangulia njiani. Kwa muda mrefu historia ya mchezo wa vita vya mezani ilikuwa historia ya askari kushuka bei.

Kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo huu leo, Games Workshop, ilianzishwa na marafiki watatu mjini London katika 1975. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutengeneza mbao za michezo ya kale, ukiwamo mchezo wa mashimo ulio wa ukoo mmoja na bao. Katika 1983 kampuni hiyo ilitoa Warhammer, mchezo wa mashujaa, mazimwi na wafu waliofufuka. Katika 1987 ikatoa Warhammer 40,000, wa vita vya nyotani katika zama za mbali zijazo. Katika siku hizo kisanduku cha askari 30 wa plastiki kiliuzwa kwa bei isiyotimia pauni 10. Leo kisanduku cha askari 10 wa kabila lile lile huzidi pauni 35. Askari aliyepatikana kwa peni 33 sasa hupatikana kwa zaidi ya pauni tatu na nusu. Hata ikikubaliwa kwamba pauni yenyewe imedhoofika tangu wakati ule, ikabaki na nguvu kama ya thuluthi yake, bado askari huyu amepanda zaidi ya mara tatu kuliko fedha ilivyoshuka.

Haki haina budi kutendewa muuzaji pia. Askari wa leo si yule wa 1987. Yule alikuwa mfupi, mnene, amesimama kama mtu aliyeamriwa asijongee. Huyu ni mrefu zaidi, kila msumari wa deraya yake huonekana, na mkunjo wa joho lake hudanganya macho kwamba upo upepo chumbani. Kalibu ya chuma ambamo plastiki hushindiliwa hugharimu makumi ya maelfu ya pauni kabla askari wa kwanza hajatoka. Kiwanda kiko Nottingham, si katika nchi za ujira mdogo, na watu wanaokifanyia kazi hula na kupanga nyumba kwa bei za Uingereza. Kitu kizuri kina gharama yake, wala hakuna mchezaji mwenye akili aombaye apewe bure. Lau jambo lingekoma hapo, kungalikuwa na manung'uniko, lakini kusingekuwa na uchungu.

Uchungu unatoka kwingine. Uaminifu wa mchezaji haukununuliwa kwa bei ndogo, basi haungeweza kuuawa na bei kubwa peke yake. Ulijengwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kazi ya mkono. Mtu hawezi kukaa jioni arobaini chini ya taa akipaka nyuso zisizozidi punje ya mtama, kisha akavihesabu vitu hivyo kuwa bidhaa. Cha pili ni ujirani. Katika maduka ya mchezo huu na katika vyama vyake, mvulana mwenye haya alipewa brashi na mtu asiyemjua, akafundishwa kuchanganya rangi, akashindwa vibaya, akaambiwa arudi Jumamosi. Wengi waliorudi Jumamosi ile wangali wakirudi wakiwa na mvi. Kampuni iliyaona mapenzi haya, ikadhani kwamba yanaielekea yenyewe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika 2011 vijisanamu vingi vya madini viliondolewa, vikaletwa vya resini kwa jina la Finecast. Bei ilipanda, na wanunuzi wengi walikuta matundu ya hewa katika nyuso na panga zilizopinda kama majani ya ndizi juani. Vitabu vya sheria navyo vilizidi kufuatana kwa haraka: Warhammer 40,000 ilipata toleo jipya katika 2014, tena katika 2017, tena katika 2020, tena katika 2023. Kila toleo huja na maneno ya furaha, na kila toleo hufanya vitabu vya jana kuwa karatasi. Kikosi kilichokuwa na nguvu jana leo ni dhaifu, na silaha ambayo mtu aliikata na kuiunga upya kwa subira leo haina pahali katika orodha. Anayetaka kubaki mchezoni hana budi kununua tena. Hapo ndipo bei inapogeuka kuwa jambo la moyo, kwa sababu kinachofutwa si pauni zilizotumika tu, bali ni zile jioni arobaini.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni mwaka 2015. Mauzo yalikuwa yamelegea. Katika Januari 2014 hisa za kampuni zilikuwa zimeanguka kwa karibu robo ya thamani yake katika siku moja. Kampuni iliamua kuumaliza ule mchezo wa kwanza wa 1983. Katika hadithi zake dunia ya kale iliangamizwa, na mahali pake ukaja mchezo mwingine, Age of Sigmar. Majeshi yaliyopangwa kwa safu juu ya vitako vya mraba yakakuta mchezo mpya wataka vitako vya duara. Baadaye mengine, kama farisi wa Bretonnia na wafalme wafu wa makaburini, yakaondolewa madukani kabisa. Wapo waliocheka, wakisema ni vikaragosi tu. Lakini mtu aliyetumia miaka 20 kuwapaka rangi farisi mia, akaambiwa kwamba nchi yao haiko tena, ana haki ya kukaa kimya kidogo.

Hapa lakini hesabu zinataka kusema neno, nazo lazima zisikilizwe. Kampuni haikufa. Iliurekebisha mchezo wake mpya, ikapata wateja wapya, ikasitawi kuliko zamani zote. Katika Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2025 mapato yake yalizidi pauni milioni 600, na faida kabla ya kodi ilizidi pauni milioni 260. Je, uaminifu uliopungua uko wapi? Jibu ni kwamba daftari la mauzo huandika anayeingia na fedha. Halimwandiki anayetoka kimya kimya. Mteja mpya mmoja mwenye mshahara mzuri aweza kufunika nafasi za wazee watatu walioacha kuja, na hesabu ikapendeza. Biashara yaweza kunenepa hali urafiki wake unakonda.

Nao walioondoka hawakuacha mchezo, wameihama kampuni. Wengine walikwenda kwa watengenezaji wadogo, ambao wengi wako Nottingham huko huko na pande zake, hata eneo hilo likabandikwa jina la Ukanda wa Risasi. Warlord Games na Mantic Games, zilizoanzishwa na watu waliopata kufanya kazi katika kampuni kubwa, huuza askari wengi kwa bei nafuu, na Mantic ilivuna wachezaji wengi baada ya 2015. Wengine walirudia vitabu vya zamani, wakasema kwamba sheria haizeeki ikiwa wawili wamekubaliana nayo. Wengine wamenunua mashine ndogo za kuchapa vitu vya umbo kamili, wakaziweka juu ya meza ya kazi, na sasa humimina askari wao wenyewe kutoka katika chupa ya resini. Ndivyo historia ya askari kushuka bei ilivyoendelea, ila safari hii imepitia mlango wa nyuma. Kampuni yenyewe iliisikia sauti hiyo: katika Januari 2024 iliirudisha ile dunia ya kale kwa jina la The Old World, na farisi wa Bretonnia wakafufuka. Vitako vya mraba vilitolewa makabatini vikiwa na vumbi la miaka tisa.

Hata hivyo kuhama nako kuna gharama yake, wala haifai kuificha. Uaminifu kwa nyumba moja ulikuwa pia lugha moja. Mchezaji wa Leeds aliweza kulichukua jeshi lake katika sanduku, akashuka katika mji asiomjua mtu, akaingia dukani, akapata mpinzani kabla ya saa moja, kwa kuwa wote wawili walisoma kitabu kimoja. Kila mtu akishika sheria zake na askari wa mashine yake, bei hushuka, lakini mpinzani huwa adimu. Jeshi lisilo na wa kupigana naye ni pambo la kabati. Basi wote wawili wamenaswa: muuzaji huongeza bei kwa kuwa ajua wachezaji waihitaji lugha hii, na mchezaji hulipa huku akinung'unika kwa kuwa aogopa upweke kuliko ughali.

Anayeumia zaidi katika mvutano huu hana sauti kabisa, naye ni mtoto. Britain alimpa mtoto askari, Wells alimwandikia kitabu, Airfix ilimwekea bei yake. Leo mtoto asimamaye dirishani na fedha zake za sikukuu mkononi aona kwamba jeshi zima ni kitu cha watu wenye mishahara. Mzee aliyekasirika ana kabati lililojaa, naye aweza kucheza mpaka kufa kwake bila ya kununua askari mmoja. Mtoto hana kabati. Akigeuka pale dirishani, hakuna daftari litakalomwandika, wala hakuna hasara itakayoonekana mwaka huu wala mwaka kesho. Itaonekana baada ya miaka 30, siku ambayo wenye mvi watakuwa wameondoka na hapana aliyeambiwa arudi Jumamosi.

Uaminifu si deni la mnunuzi kwa muuzaji. Ni ahadi kati ya wawili waliokaa pande mbili za meza moja, kila mmoja akijua ni jioni ngapi ziko ndani ya jeshi la mwenzake. Muuzaji amekaribishwa mezani hapo kwa wema, naye ataendelea kukaribishwa maadamu anaiheshimu kazi ya mikono isiyokuwa yake. Bei ya askari yaweza kupanda na kushuka kama bei ya kitu chochote. Bei ya jioni hizo ni moja siku zote, na aliyekwisha kuilipa hapendi kuambiwa ailipe mara ya pili.